Banda Moja au Mabanda Mawili? Ulinganisho wa Wanyama Wadogo Wanaofugwa Pamoja Uani

Watu wengi wanaofuga hapa Unguja hawana shamba, wana ua. Nyumba imejengwa kwenye kiwanja kidogo cha Fuoni, Kianga au Tomondo. Nyuma yake pana ukuta, bomba la maji, kamba ya kuanikia nguo na pembe moja iliyobaki wazi, na katika pembe hiyo moja ndimo inamotafutwa nafasi ya sungura aliyeletwa na mjomba, kuku watatu wa bibi na jozi ya njiwa ambayo mtoto ameililia tangu Sikukuu. Kwa hiyo fikira ya kuwatia wanyama wa aina mbili katika banda moja haitokani na uzembe. Inatokana na uchache wa nafasi, bei ya mbao na waya, na huruma ya mtu anayemwona mnyama wake amekaa peke yake akadhani kwamba mwenzake yeyote atamfaa.

Mimi nimefuga katika ua wa aina hiyo kwa miaka kumi na mbili, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Watapatana?" Ni swali zuri, lakini limetangulia zamu yake. Wanyama wawili wanaweza kupatana kabisa, wakalala ubavu kwa ubavu, na huku mmoja anamwangamiza mwenziwe kwa pumzi yake au kwa chakula chake bila ya kumuuma wala kumpiga. Kabla ya kutazama kama wanapatana yafaa tupime mambo manne: hewa wanayovuta pamoja, vyombo wanavyolia na kunywea, nguvu za kila mmoja, na hofu ambayo mmoja humtia mwenziwe. Hapa chini nimezilinganisha jozi ambazo watu wa visiwani huzijaribu zaidi, na hukumu yangu nimeisema wazi, kwa sababu mtu anayekwenda kununua waya kesho asubuhi anahitaji jibu.

Sungura na simbilisi

Jozi hii ndiyo inayowadanganya watu wengi, kwa hiyo nitakaa nayo zaidi. Simbilisi ni yule mnyama mdogo, mnene, asiye na mkia, ambaye bara, hasa katika mikoa ya Nyanda za Juu Kusini, hufugwa jikoni kwa ajili ya kitoweo, na huku kwetu huvushwa kwa boti kuja kuwafurahisha watoto. Ukimweka kando ya sungura utaona wamefanana kwa mengi: wote wawili hula majani, meno ya wote wawili hayaachi kukua, wote wawili hula tena kinyesi chao laini ili wapate virutubisho vilivyobaki ndani yake, na wote wawili hawastahamili joto. Muuzaji akikwambia kwamba hawa ni ndugu, unamsadiki. Ukweli ni kwamba wako katika oda mbili tofauti, na simbilisi yuko karibu zaidi na panya kuliko na sungura.

Tuanze na hewa. Sungura wengi wazima hubeba puani na kooni bakteria waitwao Bordetella bronchiseptica, na aghalabu hawaonyeshi dalili hata moja. Simbilisi akiambukizwa bakteria hao humshukia mapafuni. Baada ya siku 5 hadi 7 huanza kutoa kamasi na kupumua kwa taabu, na homa ya mapafu inayofuata huweza kumuua kwa muda mfupi sana. Hawahitaji kupigana wala kugusana. Inatosha wavute hewa ya banda moja lililofungwa, au mtu amshike sungura kisha amshike simbilisi bila ya kunawa.

Haya nimeyajua kwa hasara. Mwaka wangu wa pili wa kufuga nilimweka simbilisi jike, mweupe kama maziwa na mwenye baka jeusi juu ya jicho, pamoja na sungura mpole ambaye hajapata kumuuma mtu. Wiki nzima walikula ukoka kutoka fungu moja. Asubuhi ya siku ya nane binti yangu alinifuata jikoni akaniambia, "Baba, mbona huyu anakoroma?" Nilimtoa nikamweka kiganjani. Manyoya ya puani yalikuwa yameloa na kugandana, ubavu ulikuwa ukiingia ndani kila anapovuta pumzi, na pembeni mwa jicho pameganda utando wa manjano. Nilimkatia kipande cha pera, ambacho kila siku alikuwa akikipigia kelele mara tu asikiapo kisu. Alikinusa, akageuza uso. Nilikwenda kununua dawa ya kuku ya kutia majini, kwa kuwa ndiyo niliyoizoea, nikamnywesha. Alianza kuhara usiku ule, na kesho yake alasiri akafa. Sungura hakupiga chafya hata mara moja.

Dawa ile ilikuwa kosa la pili juu ya kosa la kwanza. Simbilisi na sungura huyeyusha majani kwa msaada wa bakteria wema walioko matumboni mwao, na dawa za jamii ya penisilini, pamoja na amoksilini, zikimezwa huwaua hao wema, wabaya wakapata nafasi ya kuzaana na kutoa sumu. Kuku hunyweshwa dawa hizo na akapona. Mwenye wanyama wanaokunywa kutoka chombo kimoja hawezi kumtibu mmoja bila ya kumtibu mwingine, na hilo peke yake ni hoja kubwa kuliko ugomvi wowote.

Kwenye chakula tofauti ni kubwa kuliko inavyoonekana. Sungura hutengeneza vitamini C mwenyewe katika ini lake. Simbilisi hawezi, kama sisi binadamu tusivyoweza, na akiikosa kwa wiki mbili tatu fizi huvimba, viungo humuuma, manyoya huharibika na kidonda hakifungi. Anahitaji kiasi cha miligramu 10 hadi 30 kila siku kwa kila kilo ya uzito wake, na mwenye mimba anahitaji zaidi. Chakula cha sungura cha madukani hakikuwekwa vitamini hiyo, kwa hiyo simbilisi anayekula sahani ya sungura anaweza kunenepa na huku anaugua. Sisi wa visiwani tuna bahati, maana gramu 100 za pera zina vitamini C zaidi ya miligramu 200, ikiwa ni takriban mara nne ya chungwa. Kipande cha gramu 10, ambacho ni kidogo kuliko kidole gumba, kinamtosha simbilisi wa kawaida kwa siku nzima. Sungura naye akila pera kila siku sukari itamharibu tumbo. Kinachomponya mmoja hakimfai mwingine.

Kuhusu nguvu, sungura tunaofuga wengi wana kilo 2 hadi 4, na simbilisi mzima huwa kati ya gramu 700 na kilo moja na kidogo. Miguu ya nyuma ya sungura imeumbwa kwa kuruka na kujitetea, na teke moja alilolipiga kwa mshituko, bila ya nia mbaya, linaweza kumvunja simbilisi mbavu au kumpasua ndani. Sungura dume asiyehasiwa humpanda chochote kilicho karibu naye, na simbilisi hana pa kukimbilia. Lugha zao pia hazikutani. Sungura huinamisha kichwa mbele ya mwenziwe kuomba alambwe manyoya, na simbilisi hajui anaombwa nini. Simbilisi husema mchana kutwa, kwa mlio wa njaa, wa furaha na wa kulalamika, na sungura hamjibu. Wakionekana wamekumbatiana pembeni, mara nyingi ni kwa sababu kila mmoja hana mwengine wa kumkumbatia.

Hukumu yangu ni kwamba wasiwekwe pamoja, hata kwa muda. Mwenziwe simbilisi ni simbilisi, na sheria ya Uswisi ya tangu mwaka 2008 inamkataza mtu kumfuga simbilisi mmoja peke yake. Chagua majike wawili waliozaliwa pamoja. Madume wawili mara nyingi hugombana wakishapevuka, hasa wakisikia harufu ya jike, na wahenga walikwisha sema kuwa fahali wawili hawakai zizi moja. Usimtie dume kwa majike kwa kutaka watoto bila ya kujiandaa: jike ambaye hajazaa hadi kufikia kiasi cha miezi 7 nyonga zake hukakamaa, na mimba ya kwanza baada ya hapo huweza kumuua wakati wa kujifungua. Sungura nao vivyo hivyo, majike wawili wa tumbo moja, au dume aliyehasiwa pamoja na jike mmoja, kama utampata daktari wa mifugo anayeifanya kazi hiyo.

Sungura na kuku

Hapa hoja inayosikika sana ni kuhara damu. Mtu huambiwa asiwachanganye sungura na kuku kwa kuwa kuku atamwambukiza sungura. Hoja hii si sahihi, na ni vizuri isahihishwe ili watu wasiogope kisichokuwepo wakaacha kilichopo. Vijidudu vinavyoleta kuhara damu, viitwavyo Eimeria, kila aina ina mnyama wake; vya kuku havimshiki sungura, na vya sungura havimshiki kuku. Vinavyovuka ni vingine, hasa salmonela, ambayo kuku huweza kuwa nayo akiwa mzima kabisa, na ambayo humfikia hata mtoto anayewashika.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye chakula. Chakula cha kuku wa mayai kina chokaa nyingi, kiasi cha asilimia 3.5 hadi 4, ili ganda la yai liwe gumu. Mwili wa sungura hufyonza sehemu kubwa ya chokaa anayoila na kutoa ziada kwa mkojo, kwa hiyo akila chakula hicho mkojo wake huwa mzito kama maziwa ya unga, kisha mchanga na mawe hujikusanya katika kibofu. Chakula cha vifaranga nacho huenda kikawa kimetiwa dawa ya kuzuia kuhara damu, na baadhi ya dawa hizo, kama salinomisini na narasini, ni sumu kwa sungura hata kwa kiasi ambacho kifaranga anakistahamili. Halafu kuna chicha la nazi, ambalo kila nyumba ya hapa humwagia kuku baada ya kukamua tui. Kuku hulifurahia. Sungura akilipata atalila kwa pupa, kisha mafuta yake yatamvimbisha tumbo, na sungura hawezi kutapika.

Mtu anaweza kudhani kwamba kizimba cha juu na cha chini kitamaliza tatizo. Kinapunguza, lakini tazama nani yuko juu. Kuku akilala kwenye fito juu ya sungura, kinyesi chake hushuka usiku kucha, na harufu kali ya mkojo na kinyesi katika banda lisilopita upepo huunguza pua za sungura, ambazo kwa maumbile yake ni dhaifu. Sungura akiwa juu na kuku chini, kuku hula mabaki yanayoanguka na hali huwa afadhali, mradi sakafu ya waya ya sungura iwe na ubao wa kukalia. Waya mtupu humtoboa nyayo. Jogoo mwenye vipi virefu miguuni hafai kuwa karibu hata kidogo, na kuku jike, mpole namna gani, hudonoa kinachong'aa na kinachotambaa, yaani jicho la sungura na watoto wake, ambao huzaliwa hawana manyoya na hubaki vipofu kwa siku kama 10.

Hukumu: mabanda mawili, ua mmoja. Mchana wanaweza kuachiwa pamoja ikiwa ua ni mpana, hapana jogoo, sungura ana sanduku lenye mlango mdogo ambao kuku hawezi kuingia, na kila mmoja amekwisha kula chakula chake mahali pake. Usiku kila mmoja kwake. Na katika msimu wa kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, joto linapofika nyuzi 32 na zaidi, msitazame kuku tu. Sungura huanza kutaabika nyuzi zikipita 25, na zikipita 30 anaweza kufa kwa joto, kwa kuwa hatoki jasho na hupunguza joto la mwili kwa masikio yake. Banda la bati linalomfaa kuku kwa mvua ya masika ni tanuri kwa sungura. Makuti ni bora, na chupa ya maji yaliyogandishwa ikiwekwa pembeni mwa kizimba mchana, sungura atakwenda kuiegemea mwenyewe.

Kuku pamoja na ndege wengine

Kwa vile wote wana mbawa, watu huwachukulia kuwa kabila moja. Tofauti zao ziko mbali mbali.

Bata ni rafiki mwenye fujo ya maji. Huchovya kichwa kizima, hutapanya, na kabla ya adhuhuri sakafu yote imeloa. Unyevu huo ndio unaovipa uhai vijidudu vya kuhara damu vya kuku na kuozesha maranda yaliyotandikwa. Vifaranga vya bata huhitaji naiasini, moja ya vitamini B, karibu mara mbili ya vifaranga vya kuku, na wakilelewa pamoja kwa chakula kimoja huenda ukaona vya bata vimepinda miguu huku vya kuku vinakimbia. Jambo ambalo wengi huona haya kulitaja ni la bata dume: maumbile yake si kama ya jogoo, ana uume unaotokeza nje, na akimpanda kuku jike anaweza kumjeruhi ndani hadi akafa. Basi bata dume awe na majike wake wanne au watano wa kumtosha, na kuku wasilale naye. Kuhusu maradhi, bata anaweza kuwa na virusi vya kideri bila ya kuumwa, na kuku akavipata akafa. Usimwone bata mzima ukadhani ua wako uko salama.

Bata mzinga ni habari nyingine kabisa, ingawa jina linafanana. Kuku hubeba mnyoo mdogo wa utumbo uitwao Heterakis, na ndani ya mayai ya mnyoo huo mna kijidudu ambacho kuku hakimsumbui sana lakini bata mzinga humharibu ini na utumbo, akahara kinyesi cha rangi ya manjano na kufa. Tausi pia hupatwa. Mayai hayo hukaa udongoni miaka kadhaa, kwa hiyo haitoshi kuwatenga. Hata uani palipofugwa kuku mwaka jana si pahali pa bata mzinga mwaka huu. Mwenye ua mmoja achague: kuku au bata mzinga.

Njiwa ndiye ninayempendekeza kwa mtu mwenye kuku anayetaka aina ya pili. Makao yake ni juu, ya kuku ni chini, na ukimjengea kibanda chake ukutani au juu ya dari, kama wanavyofanya wazee wa Mji Mkongwe, hawana sababu ya kulala pamoja. Wanakutana kwenye maji tu, na hapo ndipo pa kuangalia. Njiwa wengi hubeba kijidudu kiitwacho Trichomonas gallinae, ambacho huwatia makinda wao uvimbe wa manjano mdomoni na huenea kwa maji wanayoyachangia. Kijidudu hicho hakistahamili ukavu, kwa hiyo chombo kikioshwa na kuanikwa juani kila siku, nusu ya kazi imekwisha. Kideri hupita kati ya njiwa na kuku pande zote mbili. Kuku wapewe chanjo ya I-2, tone moja jichoni, irudiwe kila baada ya miezi 3, na daktari wa mifugo aulizwe kuhusu njiwa. Chakula kiwekwe ndani, kisiachwe wazi: kunguru, ambao waliletwa hapa kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 na sasa wamejaa kila mtaa, hushuka kwenye kila sahani iliyoachwa na kuondoka na kifaranga wakiweza.

Paka pamoja na wote hao

Nyumba ya Kizanzibari bila ya paka ni nadra, na paka wengi si wa mtu. Ni wa mtaa, huingia kwa paa na kutoka kwa dirisha. Kwa hiyo hata asiyefuga paka amefuga paka.

Kuku mzima na paka wa nyumbani huheshimiana, na mara nyingi kuku ndiye anayemfukuza mwenziwe. Sungura mkubwa naye huweza kumzoea paka aliyelelewa naye tangu mdogo. Vifaranga, simbilisi, njiwa na chiriku hawamo katika mapatano hayo. Paka aliyeshiba huwinda vile vile, kwa kuwa kinachomwamsha ni mwendo wa kitu kidogo, si njaa. Na mkwaruzo mdogo tu wa jino unatosha: midomoni mwa paka mna bakteria wa Pasteurella, na ndege aliyekwaruzwa, hata kama anaonekana mzima na kidonda ni kama tundu la sindano, huweza kufa kwa sumu ya damu ndani ya siku moja hadi tatu. Ndege aliyeokolewa mdomoni mwa paka apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo. Kumwacha apumzike mpaka kesho ni kumpoteza.

Kuhusu hofu, jirani yangu mmoja hutundika tundu la chiriku barazani, na paka wa mtaa huja kila magharibi kulala chini yake. Nilimwuliza siku moja, "Mzee, huyu paka hawezi kulifikia tundu?" Akanijibu, "Hafiki, mwanangu. Lakini chiriku hajui kama hafiki." Nilipotazama vizuri nikaona manyoya ya mbawa yamevunjika ncha, na kwenye vijiti vya tundu upande wa chini pana damu kavu, alama za ndege anayejigonga gizani kila paka anapojinyoosha. Aliimba asubuhi tu, wakati paka hayupo. Walihamishia tundu chumbani, na mimi tangu siku ile sihesabu kuwa wanyama wako salama kwa sababu tu kuna waya baina yao; mwindaji na mwindwa wasionane.

La mwisho juu ya paka ni dawa za wadudu, ambazo huua wanyama wengi wasio na kosa. Viroboto hutoka kwa paka wakahamia kwa sungura, na mtu mwenye nia njema huchukua dawa ya paka yenye fiproni akampaka sungura. Dawa hiyo ni sumu kwa sungura. Upande wa pili, dawa kali ya utitiri yenye pemetrini, inayonyunyizwa mabandani, ni sumu kwa paka, ambaye ini lake haliwezi kuivunja, naye huipata kwa kujilamba baada ya kulala bandani. Soma kibandiko, tafuta jina la dawa yenyewe, na usihamishe dawa kutoka kwa mnyama mmoja kwenda kwa mwingine bila ya kumuuliza mtaalamu.

Watoto wakirudi kutoka kisiwa cha Changuu huomba kobe. Wale wa Changuu ni kizazi cha kobe wanne walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, ni wa aina iliyo katika hatari, na mkubwa wao anahitaji eneo kuliko viwanja vyetu vyote. Wanaishi na tausi wakizunguka miongoni mwao bila ya matatizo, kwa sababu kisiwa kizima ni chao. Uani kwetu hapana kisiwa, na kobe hubeba salmonela. Waende wakawatazame tena.

Ukiwa na pembe moja tu

Kama nafasi ni ya aina moja, swali linakuwa jepesi: chagua kwa kazi. Kwa mayai na mabaki ya jikoni, kuku. Kwa mtoto mdogo anayetaka kushika na kusikia sauti, simbilisi wawili, maana sungura huchukia kubebwa na akijitupa kutoka mikononi huvunjika mgongo. Kwa mtu mzima mwenye subira na kivuli kizuri, sungura wawili. Kwa mwenye paa tambarare kuliko ua, njiwa. Kama ni lazima aina mbili, jozi ninayoiona bora ni kuku na njiwa, kisha kuku na sungura wenye mabanda yao, kisha kuku na bata kwa mwenye maji ya kutosha. Simbilisi akae mbali na sungura, ikiwezekana ukuta ukiwa kati yao na upepo ukitoka upande wake kwenda upande wa sungura. Kusi na kaskazi hubadilisha upande huo mara mbili kwa mwaka, na mimi huvihamisha vizimba upepo unapogeuka.

Mnyama mgeni, hata akitoka kwa ndugu, hukaa siku 30 peke yake, na chombo chake cha maji hakichanganywi na vingine. Sasa nina kuku sita, njiwa jozi mbili, na simbilisi majike wawili wa tumbo moja, ambao binti yangu, aliyekwisha kuwa msichana wa skuli ya sekondari, ndiye anayewakatia pera. Kila asubuhi tunaanza na simbilisi, mikono ikiwa safi. Kisha tunapanda kwa njiwa. Kuku huwa wa mwisho, kisha tunanawa kwa sabuni pale pale bombani kabla ya mtu yeyote kugusa mlango wa jikoni.